Maji Yaliyokuwa Yakipita Bure

Zuhura mwanangu,

Najua utacheka kupata barua kutoka kwa mtu uliyekunywa naye uji leo asubuhi. Cheka tu. Ningeweza kungoja urudi kutoka Newala mjini ulikokwenda kuaga, tukakaa, nikakuambia kwa mdomo. Lakini najijua. Ningeanza vizuri, kisha ningeyaona macho yako, ningekohoa kidogo na kuanza kukuuliza kama begi lako limefungika. Kwa mdomo baba yako ni mwoga sana.

Mambo ya chakula, ya kushika vizuri tiketi, ya kumheshimu mama yako mdogo utakayefikia kwake huko Dar es Salaam, siyagusi. Mama yako amekwisha kuyasema, na kesho alfajiri atayasema tena mpaka dereva apige honi. Mimi nina jambo moja, na linahusu kazi unayokwenda kuifanya.

Juzi baada ya chakula ulitueleza hiyo kazi. Ulisema kwenye hiyo bustani ya michezo ya maji utasimama juu kabisa ya mtelezo wenye urefu wa nyumba kama tatu zikipandishwa moja juu ya nyingine, maji yakiteremka muda wote. Mtu anakuja, unamlaza chali, miguu mbele, mikono kifuani. Kama ana bangili au cheni unamwambia avue. Halafu unamtazama mwenzako aliye chini kwenye bwawa, na asipoinua mkono humwachii mtu, hata awe nani. Ukalala mkekani kutuonyesha, mikono umeikunja kifuani, mama yako akapiga kelele, "Toka hapo, we mtoto, unajichuria!" Tukacheka wote. Shangazi yako Somoe ndiye aliyecheka kuliko wote, akashika ubavu, akasema, "Mie hao wangenifukuza siku ya kwanza. Kwa kiherehere changu hiki!"

Mkacheka tena. Mimi nikainuka, nikasema naenda kuwatazama mbuzi. Mbuzi wenyewe tulikwisha kuwauza siku nyingi, na hakuna aliyeniuliza ninakwenda kutazama nini. Nilisimama nyuma ya banda tupu mpaka sauti zikatulia.

Hadithi ya mguu wa shangazi yako unaijua kama inavyosimuliwa hapa nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, tulikuwa Masasi, kwenye mtelezo wa Bwana Turubai. Hakusubiri kuambiwa, akajirusha, akamgonga mtu aliyekuwa bado chini, akavunjika paja. Mfupa ukaunga vibaya, mguu ukawa mfupi, na ndiyo maana anachechemea. Na wewe tangu utoto wako, kila ulipokurupukia jambo uliambiwa usiwe na kiherehere kama shangazi yako. Hata mimi nimekuambia hivyo. Mimi, kwa mdomo wangu huu.

Si kweli, Zuhura. Shangazi yako hakujirusha. Nilimsukuma mimi.

Nimeliandika hilo neno, nikatoka nje nikazunguka nyumba, na sasa nimerudi. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukilisikia hivyo hivyo utadhani baba yako alikuwa mtu katili, na sikuwa katili. Nilikuwa mtu mwenye bidii.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipowafungulia watu biashara. Wewe ulikuwa na miaka sita, humkumbuki vizuri Bwana Turubai. Kabla ya hapo hata sabuni ya kufulia tuliipangia foleni kwenye duka la ushirika, na mimi nilikuwa mpakiaji wa magunia kwenye ghala lao. Ruksa ilipokuja ghala likapoa, maduka ya watu binafsi yakajaa vitu, na mimi nikateremka Masasi kutafuta riziki. Huyo bwana alikuwa akiuza maturubai ya plastiki, marefu, ya bluu, tusiyoyaona tangu tuzaliwe. Jina lake halisi watu walilisahau.

Sasa, unaijua ile milima ya mawe ya Masasi. Masika ikifika, watoto wa pale tangu zamani huteleza kwenye miamba kwa magome ya migomba. Bwana Turubai akawatazama, akakuna kichwa. Akayashona maturubai yake pamoja, akayatandika kwenye mwamba mmoja mpana kutoka juu hadi chini, akayapaka sabuni. Juu akaweka mapipa ya maji. Chini akachimba shimo, akalitandika turubai, akazungushia viroba vya mchanga, likawa bwawa. Kila siku ya sikukuu gari lake dogo lilizunguka nyuma ya mlima asubuhi na kujaza mapipa. Mtu mmoja akimwaga ndoo, maji yanateremka, mtu anateleza. Watu walikuja mpaka na baiskeli kutoka Chiungutwa.

Mimi ndiye niliyewekwa juu. Kazi yangu ni hii hii yako, mwanangu. Tofauti ni kwamba wewe umekwisha kufundishwa wiki tatu huko Dar, mimi nilifundishwa kwa kuambiwa, "Simama pale, wewe una sauti."

Ule mwamba katikati una tumbo. Ukisimama juu hulioni bwawa. Kwa hiyo mwenzangu aliyeitwa Issa alisimama chini pembeni, juu ya jiwe, na ndoo nyekundu. Mtu akishatoka bwawani Issa anainua ndoo, mimi ndipo namwachia mwingine. Hilo tulilibuni wenyewe na lilikuwa jambo la akili. Tungelishika hilo tu, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Lakini kulikuwa na ujinga mwingine, na huo ulikuwa wangu peke yangu. Bwana Turubai alitaka maji ya bwawani yafike kiunoni. Nikakataa. Nani kati yetu alijua kuogelea? Mtu wa hapa kwetu Makote ataogelea wapi, kwenye mtungi? Nikamwambia, mzee, maji ya kiunoni yataua mtoto wa watu, tuyaweke magotini. Wote wakaona nimesema jambo la maana. Nikatembea kifua mbele wiki nzima. Kumbe mtu anayekuja kwa kasi, yale maji ndiyo yanayotakiwa kumpokea na kumpunguza mwendo. Ya magotini hayampokei. Anapita juu yake mpaka kwenye viroba. Sisi tuliogopa kuzama kwa sababu ndicho kitu pekee tulichokisikia kuhusu maji mengi. Mwendo hatukuuogopa hata kidogo. Nilikuwa nikiwatangazia watu, "Hapa hafi mtu!" na kweli hakuna aliyezama.

Dalili tulizipata. Mama mmoja alichanwa mgongo na mshono wa turubai. Kijana mwingine aliingia kichwa mbele, akatoka na meno yanatikisika. Mwingine bangili yake ilinasa, mkono ukavimba. Kila mara tulimpaka mtu dawa ya kidonda, tukamtania, tukaendelea. Jioni Issa alikuwa akiniigizia jinsi walivyotoka bwawani wakilia, nami nikicheka mpaka machozi. Leo nikikumbuka kile kicheko naona aibu.

Siku yenyewe ilikuwa Idi. Bibi yako, Mungu amrehemu, aliteremka kutoka Makote na Somoe kwa lori la mtu. Somoe alikuwa na gauni jipya la njano. Bibi yako alipoona maji yanamwagwa juu ya jiwe alishika mdomo. "Mnayamwaga? Hivi hivi? Juu ya jiwe?" Akaenda kukaa mbali, akageuza mgongo asione. Unaelewa kwa nini. Mimi nimekua nikimwona akiamka kabla ya adhana ya alfajiri, anateremka bondeni, anarudi jua limepanda na ndoo moja kichwani, shingo imekakamaa. Kwa ile ndoo moja tulinawa, tukapika, tukakoga, na maji ya kukogea tukayamwagia mche wa mpapai. Nilichapwa mara moja tu maishani na mama yangu, na ilikuwa kwa kumwaga kata ya maji.

Basi ilipofika saa kumi watu walikuwa wengi mno, na mapipa mawili yalikwisha kauka. Lilibaki moja. Bwana Turubai anapiga kelele kutoka chini tuharakishe kabla pipa halijaisha. Watoto wananiita "Injinia! Injinia!" Usinicheke, lile jina nililipenda. Akapita bwana mmoja mnene, muuza baiskeli, akateremka na kofia yake ya Idi kichwani. Nikasikia kicheko kikubwa huko chini. Baadaye nikaambiwa kofia ilimvuka, akawa anaitafuta bwawani, anapapasa, watu wanamshangilia.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Somoe. Akakaa ukingoni. Yule mmwaga maji wa pale juu, kwa zile kelele za tajiri, akamwaga ndoo tatu mfululizo bila kuambiwa. Maji yakaanza kuteremka. Somoe akageuka akanitazama.

"Kaka, bado? Issa hajainua."

Nilimsikia. Nataka ujue kwamba nilimsikia vizuri kabisa. Nilitazama chini, ndoo nyekundu haikuwa juu. Halafu nikayatazama maji. Yalikuwa yanapita pembeni mwa mapaja yake, yanakwenda, safi, ndoo tatu nzima, yanapita bure. Zuhura, kwa mtu wa Masasi ingekuwa kitu kidogo. Mimi moyo ulinichoma. Sikumwona mtoto, sikuiona foleni. Niliyaona maji tu.

"Nenda, maji yanapotea," nikasema, nikamsukuma mgongoni kwa kiganja.

Kicheko cha chini kilikatika ghafla. Ndivyo nilivyojua.

Alimgonga yule bwana ubavuni, akarushwa pembeni, akavuka viroba, akaangukia mwamba. Gauni la njano lilichanika. Nilishuka ule mwamba sijui vipi, nikamkuta bibi yako amekwisha kumpakata, anasema "mwanangu, mwanangu," na mguu wa Somoe umelala upande usio wake. Somoe alikuwa halii. Alikuwa ananitazama tu.

Walimlaza hospitali, mguu umening'inizwa na uzito. Na sasa ndipo ninapofika kwenye kosa langu hasa, maana kusukuma kulichukua dakika moja, hili limechukua miaka.

Kwetu, kama unavyojua, mtoto ni wa mjomba wake, na dada ni dhamana ya kaka yake. Jambo kubwa likitokea wazee wanakaa. Mjomba wetu wa Chilangala, yule unayemwita babu, alikuja na wazee wawili, wakatandikiwa mkeka uani kwetu. Mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili hasemi kwenye kikao hicho, hata kama angekuwepo. Anasemewa na kaka yake wa tumbo moja. Kwa hiyo wakanigeukia mimi. Mjomba akasema, "Haya, wewe ndiye mdomo wa mwenzio. Tuambie lililomfika, na kama kuna mtu aliyemwachia vibaya, tumjue leo."

Unaona nilivyokaa? Mimi ndiye wa kumdai aliyemuumiza dada yangu, na aliyemuumiza ni mimi. Wallahi niliingia kwenye kile kikao nikitaka kusema kweli. Nilikuwa nayo mdomoni. Kisha nikamwona bibi yako amejiinamia pembeni na upande wa kanga mdomoni, nikamwona mjomba ananiangalia kama mwanamume mwenzake kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

"Aliwahi," nikasema. "Nilimwambia asubiri, akajirusha."

Mjomba akashusha pumzi. "Watoto wa siku hizi," akasema. Ikaisha. Waliokuwepo pale juu walikuwa Masasi, na hakuna aliyewauliza. Wakaletewa chakula. Nami nilikula.

Bwana Turubai aliposikia alinishika mkono kwa furaha, akaleta sukari ya mgonjwa. Mtelezo aliukunja, akawauzia maturubai watu wa kuanika korosho. Somoe alirudi nyumbani baada ya miezi mitatu na magongo mawili, akakuta kila mtu anajua alichokifanya. Siku za mwanzo alikuwa akinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Mimi nikiona hivyo nachukua jembe. Sijawahi kulima shamba kama nilivyolima mwaka ule.

Halafu siku moja, wageni wamekuja, wakamuuliza mguu umefanyaje, na yeye mwenyewe akajibu kwa kicheko, "Kiherehere changu." Nilikuwa napasua kuni. Niliweka shoka chini.

Tangu hapo amekuwa akilisema mwenyewe, na watu wakadhani ni mzaha. Lakini wewe unamjua shangazi yako. Umemwona kwenye cherehani. Anapima kitambaa mara nne kabla ya kukata, halafu anamwita mtu mwingine apime. Wenzake wa kikundi cha akina mama walimchagua awe mwenyekiti wao, akakataa kabisa, akasema mimi mtu wa pupa nitawaharibia. Fundi aliyemwoa alikaa miaka miwili akingoja jibu, hadi watu wakamcheka. Mtu makini kuliko wote katika ukoo huu anajiona hana breki, kwa sababu kaka yake alisema hivyo mkekani.

Sasa wewe unakwenda kusimama juu.

Kazi sikufundishi, wamekufundisha wanaoijua. Nilisikiliza juzi, mambo mengi uliyoyasema sisi tungeyahitaji sana. Ila kuna kitu ambacho sidhani wamekuambia, maana hawakujui kama ninavyokujua mimi. Kila anayesimama pale juu ana kitu chake kinachomsukuma mkono. Changu kilikuwa maji. Ulisema huko maji yanavutwa na mashine, yanarudi juu, hayaishi. Vizuri, basi hilo halitakupata.

Chako nadhani ni adabu. Tumekulea hivyo na sijutii, lakini nimekaa nikalifikiria. Atakuja mzee wa umri wangu, ana kitambi, ana watoto wake nyuma, atakuambia, "Binti, niachie bwana, nina haraka." Wewe hujawahi kumwambia mzee asubiri tangu uzaliwe. Najua magoti yako yatakavyotaka kukunjika yenyewe. Mwamkie, mwambie shikamoo kwa roho safi, na mkono wako usiuondoe mbele yake mpaka mwenzako wa chini ameinua wake. Akikasirika, mwache akasirike. Akikuuliza umelelewa wapi, mwambie Makote, baba yako ni fulani, na aje anishtaki.

Na mtu akitoka na mchubuko, msicheke jioni. Mwambieni mkubwa wenu siku ile ile, mkatafute palipomchubua.

Na kama siku moja, Mungu aepushie mbali, utamwachia mtu vibaya, sema. Sema kabla hawajakaa. Mimi nilidhani nitasema baadaye, mambo yakitulia. Mambo yalipotulia ndipo ilipokuwa vigumu zaidi, maana watu wote walikuwa wamekwisha kulala usingizi mzuri juu ya uongo wangu, na kuwaamsha kulihitaji ujasiri ambao sikuwa nao. Kila mwaka uliopita ulifanya nionekane mbaya zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kusukuma.

Hapa niliweka kalamu chini. Nilikuwa nikunje barua, nikuwekee begini. Kisha nikajiuliza, we mzee, unamweleza mtoto kabla ya mwenyewe? Yaani tena unamsemea dada yako akiwa hayupo? Nikavaa kandambili, nikachukua hizi karatasi, nikaenda kwake.

Alikuwa barazani kwenye cherehani, anakunja pindo la gauni lako la safari. Nikamwambia nina kitu nataka kumsomea. Akasema, "Soma tu, Baba Zuhura, mie masikio hayashoni." Nikasoma. Mwanzoni miguu yake iliendelea kukanyaga. Nilipofika kwenye lile neno nililolitenga peke yake, cherehani ikasimama.

Nilisoma mpaka mwisho bila kuinua macho. Aliliweka gauni magotini. Kisha akasema, "Rudia pale."

"Wapi?"

"Pale ninapouliza."

Nikarudia.

"Kwa hiyo niliuliza," akasema.

"Uliuliza."

"Kumbe niliuliza!" Akapiga paja lake, lile lile bovu, kwa kiganja. "Kaka, lile neno nilikuwa nalisikia hospitali usiku na mchana. Nikasema ni zile sindano zao zinanichanganya. Nikasema haiwezekani, maana kaka amesema mbele ya mjomba, na kaka hawezi kusema uongo mbele ya mjomba. Nikajikataa mwenyewe. Nikakuamini wewe!"

Nikafungua mdomo kumwomba msamaha. Akaninyooshea kidole. "Usiniombe kitu. Leo usiniombe kitu chochote."

Halafu alilia, Zuhura. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alisema wanawe amewafundisha yeye mwenyewe kumcheka. Alisema cheo cha kikundi. Alisema bibi yako alikufa akimwusia apunguze haraka, na yeye akamwapia kwamba atapunguza. Hilo la bibi yako nilikuwa silijui. Nilishika nguzo ya baraza, na aliona kwamba nimeshika nguzo, na hakuniambia kaa.

Alipomaliza alijifuta kwa kile kitambaa cha kufutia mafuta ya cherehani, akaacha alama nyeusi shavuni, akarudi kwenye cherehani. Akasema nguo ya mtoto lazima iishe. Akamaliza pindo lote na mimi nimesimama pale pale. Akakata uzi kwa meno. Ndipo akauliza, "Mjomba bado anasikia?"

Nikamwambia macho yamekwisha lakini masikio anayo.

"Na yule mzee mwingine?"

"Yupo. Yule wa tatu amefariki."

"Jumamosi tunakwenda Chilangala. Wewe ndiye utakayewatumia habari wakae. Utanipeleka, utanitandikia mkeka, halafu utanyamaza. Nitasema mimi, kwa mdomo wangu. Wakikuuliza, utajibu ndiyo au hapana, basi."

"Ndiyo," nikamjibu.

Akanipa gauni lako nikuletee. Liko juu ya begi. Hakuniaga.

Kesho atakuja kukusindikiza, ameniambia. Ukiona amesimama mbali na mimi, usije ukatushika mikono utupatanishe, najua ulivyo. Mwache asimame anapotaka. Nenda kwake kwanza, umkumbatie yeye kwanza, mbele ya watu wote, mimi nitangoja.

Jumamosi, ukihesabu vizuri, ndiyo siku yako ya kwanza kazini. Wewe utakuwa kule juu unamtazama mwenzako wa chini. Na mimi nitakuwa Chilangala pembeni ya mkeka, mtu mzima na mvi zangu, namsikiliza dada yangu akiwaambia wazee nilichomfanya. Naogopa, mwanangu. Lakini sasa hivi, kabla hujarudi, nimekwisha kumtuma mtu wa baiskeli apeleke habari kwamba tunakuja.

Nakupenda, na nakuombea mkono mzito,

Baba yako
Makote